Aliyefungua Lango

Kensington, Johannesburg
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako Baba yangu mpendwa, Mzee Burhani, nyumbani Makorora, Tanga.

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Natumai barua hii inakukuta umeketi barazani na si kitandani, kidonda cha shingo kimekauka, na uji unapita bila kukwama. Shangazi ameniambia kwenye simu kwamba sasa unakunywa hata supu ya pweza, na ukiletewa isiyo na ndimu unalisukuma bakuli mpaka ukingoni mwa meza. Niliposikia hivyo nikajua unapona kweli.

Mimi huku sijambo. Baridi imeanza kung'ata, asubuhi natembea nimejifunga kanga mbili ndani ya koti na bado vidole havishiki sindano mpaka nipate chai. Kazi inakwenda, Alhamdulillahi. Wapangaji wenzangu wanakusalimu, hata wasiokujua.

Utajiuliza kwa nini nimekaa kuandika ilhali simu zipo. Baba, tangu madaktari wakuondolee sauti, nikipiga simu naongea peke yangu kama mwehu, nasikia unavyopumua tu, halafu Shangazi anachukua simu anasema umetikisa kichwa. Jambo nililo nalo leo halitaki kutikisiwa kichwa. Nataka ulisome, ukasirike ukitaka, uiweke barua chini, kisha uichukue tena.

Hapa dukani tumo wawili. Mimi na cherehani yangu upande wa dirishani, na upande wa vioo yuko Angélique, Mkongo wa Bukavu, msusi, mlokole asiyekosa ibada, mwenye mdomo kama wangu, ndiyo maana tunaelewana. Ana televisheni ukutani. Zamu yake anaweka kwaya za kwao. Zamu yangu nachomeka ile flashi niliyotoka nayo nyumbani, yenye filamu ulizozitafsiri. Sijui kama nimewahi kukwambia kwamba sauti yako inasikika Johannesburg. Wakongo, Warundi na Watanzania wenzetu wanakaa hapa kusukwa, wanacheka mpaka vichwa vinachezacheza na Angélique anawagonga kwa kitana. Watoto wao waliozaliwa huku Kiswahili wanakielewa lakini wanajibu kwa Kizulu, na hao nao wamekuzoea. Ule mtindo wako wa kugonga maiki kwa ukucha mara mbili kabla hujaanza, wanaujua. Ukisikika, saluni yote inanyamaza, kama banda letu la video lilivyokuwa likinyamaza.

Inayopendwa kuliko zote ni ile ya Wachina wa kale, Walinzi Sita. Mji umezingirwa, mfalme yuko mbali, na lango la mashariki limeachiwa watu sita walilinde. Yuko jemadari uliyemwita Mzee Ndevu. Yuko Bi Mkasi na panga zake mbili fupi, wako mapacha wa mishale, Kulwa na Doto, na yuko Tumbo, mpishi anayepigana kwa mfuniko wa sufuria na katikati ya vita anaagiza chipsi mayai. Wachina wenyewe wana majina yao, lakini ulikuwa ukisema mtu wa Makorora hawezi kumlilia mtu ambaye jina lake halitamkiki. Wa sita ni yule kijana anayeshika ufunguo wa lango. Huyo ulimpa jina la mwanao, Naseeb.

Nimeliandika jina. Tafadhali usiiweke barua chini kwanza.

Kwa maelezo yako, alfajiri ile Naseeb anakutwa langoni na Mzee Ndevu, analaaniwa kwa kuuza mji, anafungua kilango kidogo na kutoroka kwa farasi. Mwisho wa filamu, watano wameshakufa, anaonekana kilimani kati ya wapanda farasi wenye makoti ya samawati, na wewe unasema: tazameni, msaliti amerudi na mabwana zake kuhesabu maiti za wenzake. Nakumbuka banda zima lilivyokuwa likimzomea. Diski zile ziliuzwa stendi, zikafika Muheza, Korogwe mpaka Pangani. Tangu hapo kaka yangu hana jina lingine mjini. Ni Naseeb aliyemkimbia mama yake mgonjwa akaenda Afrika Kusini, ni Naseeb aliyeuza lango, watu wameshachanganya na hawajali kipi ni cha kwenye filamu.

Sasa nikueleze kilichonitia udadisi, maana unanijua, hata nikifungiwa mlango nitachungulia kwenye tundu la ufunguo. Tuna mteja mmoja Mchina, Bi Fang, mama mtu mzima anayeuza masufuria kule Cyrildene, mtaa wa Wachina, ukishuka tu kutoka kwetu. Huniletea suruali za mumewe nipunguze. Siku moja alikuwa ameketi akisubiri pindo, na kwenye televisheni mlikuwa ninyi, wewe na walinzi wako. Ikafika pale Tumbo anapogawa chakula cha mwisho. Unakumbuka ulivyopafanya pale, Tumbo anamuaga mama yake aliye mbali, na sauti yako inakatika? Angélique tayari alikuwa na kitambaa machoni. Bi Fang akacheka. Si kucheka kidogo, alicheka mpaka akashika mbavu.

Angélique aliudhika, akaniambia huyu mama hana moyo. Mimi nikamtazama tu. Ikaja alfajiri ya langoni, ile ambayo Tanga yote huzomea, na wateja wawili wakaanza kumtukana Naseeb kama kawaida. Bi Fang hakucheka tena. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, na mashavu yake yalikuwa na machozi. Baba, nilijichoma kidole kwa sindano. Nilijiuliza sisi na huyu mama tunatazama filamu moja kweli?

Nilimuuliza papo hapo. Kiingereza chake ni cha bei tu, na changu si kirefu, kwa hiyo tulizungumza Kizulu cha dukani, sote wawili wageni nacho, tukijazia kwa mikono. Alisema Tumbo haagi mama wala baba. Tumbo analalamika kwamba uji wa mtama umeungua, anasema bora tuwape maadui waule, vita viishe leo. Nilicheka mimi pia, na nilikuonea huruma, maana machozi yote yale ya Makorora yalikuwa ya uji ulioungua. Nikamuuliza na langoni je? Akatikisa kichwa, akasema yale ni marefu, nimtafutie siku.

Sikulala na hamu yangu. Niliipata filamu hiyohiyo yenye maandishi ya Kiingereza chini, nikaitazama kwa kuisimamisha kila sentensi, kamusi ya kwenye simu mkononi. Sikuyaamini maandishi peke yake, maana nawe ulisema siku zote kwamba wanaoandika chini nao wanakisia. Kwa hiyo Bi Fang alipokuja na mapazia ya kukunja nilimketisha, nikampa chai ya tangawizi, nikamwambia leo pindo ni bure, lete maneno. Angélique alizima kwaya, akasogeza kiti, akajifanya anapanga rasta.

Baba, kijana yule hakuuza kitu. Mzee Ndevu ndiye anayemtuma. Anamwambia mfalme hana habari kwamba bado wako hai, lazima mmoja atoke akalete jeshi la jimbo la pili, na farasi anayeweza kuvuka mto ni wa kijana huyo. Kijana anakataa. Anapiga magoti, anasema watasema nimekimbia. Mzee anamwambia waache waseme, kazi yako si kusikilizwa, kazi yako ni kufika. Yale unayoyafanya laana ndiyo maneno hayo, na anampa ufunguo auchukue, kwa sababu anajua hatabaki mtu wa kulifungua tena. Na yale makoti ya samawati kilimani si ya adui. Ni jeshi la jimbo la pili, lina rangi yake. Kijana aliwaleta. Alichelewa tu.

Bi Fang alisema kwao mtoto mdogo anajua koti la samawati ni la nani, hawaambiwi. Sisi Makorora nani angetuambia? Tuliona rangi ngeni tukasema adui. Angélique akasema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, kwamba basi huyo kijana watu walimuonea bure, na tena si watu, ni baba yangu. Nilitaka kugombana naye, nikarudi kwenye mapazia.

Siku uliponisindikiza stendi uliniambia jambo moja tu, nisimtafute Naseeb. Nami sikumtafuta. Nilijua yuko Diepsloot, kaskazini huko, ana spaza, yaani kiduka cha mtaani, maana Watanzania huku wote tunajuana. Nilipita mbali. Lakini baada ya habari ya makoti sikuweza kukaa. Nilijidanganya kwamba naenda kumuuliza habari ya filamu basi, kwamba hilo si kumtafuta.

Nilimkuta nyuma ya nondo, ndivyo wanavyouza kule, mkate unapitishwa kwenye tundu. Majirani wanamwita Tanzania. Ndevu zimeanza kuwa na mvi, Baba, na mabega ni yako matupu. Nilimpa shikamoo, akaniitikia kama vile tuliachana jana, kisha akaniuliza koo lako linaendeleaje. Alikuwa anajua kila kitu, siku ya upasuaji, jina la wodi, kwamba banda limefungwa kwa sababu hakuna wa kutafsiri. Nilikaa juu ya kreti la soda nikalia, sikuona sababu ya kujizuia.

Nikamweleza habari ya makoti, nikidhani namletea jipya. Akasema anajua tangu zamani kwamba kijana yule alitumwa. Aliitazama filamu hiyo yenye sauti yako humohumo dukani mwaka aliofika, akafunga duka siku ile. Na akaniambia jambo ambalo linanisumbua mpaka naandika haya. Anasema asubuhi moja kabla hajaondoka, wewe na yeye mliijaribu filamu hiyo bandani, wawili tu, sauti mmeizima, kama mlivyokuwa mkifanya ili kutunga maneno. Mlipofika langoni alikuuliza huyu anakimbia? Wewe ukamwambia hapana, mtazame mzee alivyomshika bega, huyu anatumwa. Hukujua neno la Kichina na uliisoma sawasawa kwa mikono yao. Wiki mbili baadaye, Naseeb ameshaondoka, ukairekodi vile ulivyoirekodi.

Kwa hiyo nakuuliza, na sikuulizi kwa kukushitaki, nauliza kwa sababu nataka kujua na nitaendelea kutaka mpaka nizeeke. Ulipofika mwisho wa filamu, uliona makoti, au ulimwona Naseeb?

Sasa nakuja kwenye lenyewe, ambalo limenifanya niache cherehani Jumapili nzima.

Nilimuuliza Naseeb kwa nini basi hakukupigia simu hata mara moja kujitetea. Akanitazama kwa mshangao. Akasema ajitetee nini, wakati Mama alikwishakwambia kila kitu na ukaamua kumlaani hata hivyo. Nikamuuliza ni kitu gani hicho Mama alichokwambia wewe. Akaanza kunieleza, mteja nje anagonga nondo anataka sukari.

Baba, Naseeb hakutoroka. Mama ndiye aliyemtuma. Dawa zilikuwa zinaishinda nyumba, wewe ulikuwa umeapa hutamwomba mtu, na Mama akasikia kuna Mtanga huku anayetafuta msaidizi wa duka. Alimwita Naseeb kitandani. Alikuwa bado ana nguvu za kukaa. Alikanda unga mwenyewe, akaoka mikate ya mofa ya safari, akaifunga kwenye leso yake ile ya zambarau ambayo wewe uliitafuta nyumba nzima wakati wa msiba. Naseeb alitaka kuja bandani kukuaga. Mama akamkataza, akamwambia baba yako atalia au atakupiga, na kwa vyovyote basi litakuacha. Alisema nenda, mimi nitamwambia mwenyewe, nitachagua saa yake nzuri.

Naseeb alikuwa njiani Msumbiji, hana hata simu, Mama alipozidiwa. Unakumbuka alivyokuwa siku zile za mwisho, hakutambua mtu. Hakupata ile saa nzuri. Yeye Naseeb alipofika huku akaambiwa mama amekwishazikwa, na miezi michache baadaye Mtanga mmoja akamletea diski yako. Alisikiliza jina lake akaamini Mama alikwambia na wewe hukusamehe. Na wewe hukuambiwa chochote, ukaamini alimkimbia. Mmekaa hivyo miaka yote hii, kila mmoja akidhani mwenzake anajua. Leso anayo. Nimeishika kwa mikono yangu, ina doa la mafuta ya nazi pembeni, lile lile.

Najua hapo umeiweka barua chini. Ichukue tena, imebaki kidogo.

Pamoja na barua hii Abdulrahman, muuza vipuri wa hapa Kensington anayesafiri kesho kuja Tanga, atakukabidhi shati. Nimelishona mwenyewe, shingo nimeipanua isiguse kidonda. Ndani ya mfuko wa kifua nimeshonea flashi. Ni Walinzi Sita, imetafsiriwa upya. Tuliirekodi Jumapili iliyopita saluni kwa Angélique, mablanketi tumetundika madirishani kuzuia kelele za barabarani. Bi Fang aliketi mbele akieleza kila sentensi, mimi nikiigeuza Kiswahili, na mwenye sauti akiisema. Makoti ya samawati yametajwa ni ya nani. Tumbo analalamikia uji, lakini chipsi mayai tumemwachia, Bi Fang mwenyewe alisema zibaki. Kijana wa ufunguo hatukumpa jina. Anaitwa kijana wa ufunguo basi.

Unapoisikiliza utadhani ni wewe enzi zako. Shangazi atashituka, mwambie asikimbie nyumba. Sauti ile ni ya Naseeb. Alipochukua simu kuanza kurekodi, hakuna aliyemkumbusha, aligonga kwa ukucha mara mbili, kisha akasimama pale, akashindwa kuendelea. Angélique ilibidi amletee maji. Mara ya pili ndipo alipoweza.

Anataka kuja nyumbani. Hataki kurudi Tanga kinyemela kama mtu mwenye deni la watu. Anataka kuingia Makorora mchana, na kuingia huko hawezi bila wewe, kwa sababu jina lile la msaliti ni wewe uliyelitoa na hakuna mwingine anayeweza kuliondoa. Anasema akija atafungua banda, wewe utakaa kiti chako cha mbele umwoneshe kwa mikono, yeye atasema. Ukikataa, atabaki Diepsloot na hatanilaumu mimi wala wewe. Hayo ni maneno yake, nimeyaandika alivyoyasema. Mimi la kwangu ni fupi zaidi, Baba. Namtaka kaka yangu nyumbani, na nataka wewe umsikie ungali hai.

Sikuombi uandike, najua wewe na kalamu hamwelewani. Ijumaa ya wiki ijayo, ukishatoka msikitini, nitapiga simu ya Shangazi. Mwambie akupe uishike mwenyewe sikioni na atoke nje. Sitasema neno. Tutakuwa wawili huku, tumeinamia simu moja. Kama hutaki, kata tu, tutaelewa. Kama unamruhusu, igonge simu kwa ukucha, kama ulivyokuwa ukiigonga maiki.

Msalimie sana Shangazi, umwambie vitambaa alivyoagiza vimo chini ya shati. Wasalimie jirani zetu wote wa barazani, na paka kama bado yupo. Kunywa dawa zako, na supu wakikuletea bila ndimu uinywe hivyohivyo. Mungu akupe afya na akulinde mpaka tuonane. Nakuombea kila swala, na wewe usinisahau kwenye dua zako.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mayasa Burhani

Hapa chini nimemwachia mwanao nafasi, aandike anachotaka. Ameketi na kalamu tangu chai ilipokuwa moto, na alichoandika ni hiki tu:

Shikamoo, Baba. Naseeb.